Gereji ya Ngamiani inayopima oili kabla ya kuuza oili

Gereji za pikipiki ni nyingi katika mitaa ya Ngamiani, jijini Tanga, kiasi kwamba mtu anayekatiza zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba hakosi kumkuta fundi amechuchumaa kando ya injini iliyofunguliwa. Ninayoiandikia hapa haina kibao wala rangi ya kampuni yoyote ukutani. Ni banda la mabati lililo jirani na maduka ya spea, na wateja wake wengi ni madereva wa bodaboda pamoja na watu wa aina yangu, wenye pikipiki moja au mbili zilizo mikononi mwa vijana kwa mkataba. Sababu ya kuiandikia ni moja: hapo kiwango cha oili hupimwa kwanza, na maneno ya kuuza oili hufuata baadaye, ikiwa yana haja ya kufuata.

Kitu cha kwanza kinachostahili kusifiwa ni sakafu. Banda limemwagwa saruji iliyosawazishwa vizuri, na fundi mkuu, ambaye wateja humwita Mzee kwa heshima zaidi kuliko kwa umri, hakubali kupima oili pikipiki ikiwa imelalia stendi ndogo au ikiwa imesimama nje mchangani. Huisukuma mpaka ndani, huisimamisha kwa stendi kubwa, huiwasha na kuiacha ingurume taratibu kwa dakika tatu hadi tano, kisha huizima na kungoja dakika mbili tatu nyingine ili oili iliyorushwa juu kwenye vali na gia ipate kushuka. Nimemsikia kijana mmoja mwenye haraka ya abiria akimwambia, “Mzee, si uongeze tu?” Akajibiwa bila ukali, “Niongeze nini, mwanangu, na sijaona kilichomo?”

Subira hiyo ina maana yake. Stendi ndogo huilaza pikipiki upande wa kushoto, na oili nayo hukimbilia huko, ilhali kwenye injini nyingi tunazozitumia kijiti cha kupimia oili, kilichoshikamana na kifuniko cha tundu lake, kiko upande wa kulia. Kipimo cha namna hiyo huonyesha upungufu usiokuwapo, na mteja huuziwa oili asiyoihitaji. Nimeshuhudia jambo hilo katika gereji nyingine za mjini, na sidhani kwamba kila mara lilitokana na kutojua.

Kinachofuata ndicho kinachomtofautisha fundi huyu na wenzake. Hufungua kifuniko, hukifuta kijiti kwa kitambaa cha pamba mpaka kikauke, halafu hukirudisha tunduni. Kwa injini zilizofuata muundo wa Honda CG125, ambazo ndizo asili ya pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa Tanga, kifuniko huwekwa tu mdomoni mwa tundu bila kuzungushwa, kisha kijiti huchomolewa na kusomwa. Anayekikaza kwanza hukizamisha kuliko inavyotakiwa, na injini yenye kiu huonekana imeshiba. Zipo aina zinazotaka kifuniko kikazwe hadi mwisho kabla ya kusoma, na kwa hizo Mzee hufuata kitabu cha pikipiki husika. Anavyo vitabu kadhaa, vyeusi kwa grisi, ndani ya sanduku la vifaa. Akishakichomoa kijiti hukilaza mbele ya macho ya mteja, kwenye mwanga wa mlangoni, na kumwonyesha mahali ukingo wa oili ulipofika kati ya alama ya chini na alama ya juu. Kisha hugusa tone, akalisugua kati ya vidole viwili na kulinusa. Tone lenye harufu ya petroli humfanya aitazame kabureta, na lenye weupe kama maziwa humfanya aulize pikipiki ilioshewa wapi na kwa maji ya nguvu kiasi gani.

Pikipiki zisizo na kijiti, zenye kidirisha cha kioo ubavuni mwa injini, huchukua muda mfupi zaidi, ingawa nazo zina hila yake. Kioo kilichozeeka hushika rangi ya oili, na ukikitazama kwa kuinama kutoka juu huwezi kujua kama unaona oili au doa. Mzee hukifuta kwa nje, huchuchumaa mpaka jicho lilingane na kioo, kisha humwomba mteja aiyumbishe pikipiki kidogo kushoto na kulia ili mstari wa oili uonekane ukipanda na kushuka, na husoma kiwango pale tu pikipiki inaposimama wima tena.

Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 walikusudia nchi ambazo watumiaji hawakuwa wepesi wa kubadilisha oili, na ndiyo maana walitumia fito za kusukuma vali badala ya kamshafti ya juu, yaani mhimili wa kufungua vali uliowekwa kichwani mwa injini, iliyokuwa ikiharibika upesi oili inapochafuka au kupungua. Uvumilivu wa muundo huo umetuponza. Injini hutembea na oili kidogo kwa muda mrefu bila kulalamika, na siku inapolalamika, ringi na silinda zimekwisha liwa na moshi wa buluu unamfuata dereva kutoka Makorora hadi Kange. Isitoshe, oili hiyo hiyo moja hulainisha pistoni, gia na klachi, na kwa kuwa injini hizi hupozwa kwa upepo, nayo husaidia kuondoa joto. Katika jua la Tanga la mwezi wa pili, pikipiki iliyobeba mshikaki wa abiria na gunia la muhogo huku ikitambaa nyuma ya lori la saruji hupata upepo haba, hivyo oili hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Kwa sababu ya klachi hiyo, gereji hii hukataa kumimina oili yoyote ya gari iliyo nyepesi na yenye viambata vya kupunguza msuguano, kwa kuwa huifanya klachi iteleze. Hutafuta kwenye chupa alama ya JASO MA au MA2, viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki ambazo klachi yake huogelea ndani ya oili, na kwa pikipiki nyingi za hapa huuza ya unene wa 20W-50. Nilipenda pia namna wanavyomimina. Baada ya kumwaga oili ya zamani injini ikiwa bado na joto, na kusafisha chujio kwa zile zenye chujio la kuosha, hawaigeuzi chupa nzima ya lita moja kana kwamba kila injini imeumbwa kwa kipimo cha chupa. Hubakiza kiasi, huwasha, huzima, hungoja na kupima tena, kisha huongeza kidogo kidogo. Kinachobaki hukabidhiwa mteja kwenye chupa yake. Oili iliyozidi alama ya juu hutoa povu, husukuma sili na kupenya hadi kwenye kichujio cha hewa, lakini mafundi wengi wa mjini bado huona kwamba kujaza ni ukarimu.

Kwa mwenye pikipiki ya mkataba, huduma hii ina faida nyingine. Kijana anayeleta hesabu kila jioni hana sababu kubwa ya kuihurumia injini ambayo bado si yake, na mwenye mali naye haketi juu ya tangi kuona kinachoendelea barabarani. Hapa huandika kwenye daftari tarehe ya kumwaga oili na hali waliyoikuta, na kwa pikipiki inayokula oili huandika pia kiasi walichoongeza. Wangependa kuandika kilomita, lakini kebo za spidi za bodaboda zetu nyingi zilishakatika na hakuna anayezishughulikia. Daftari hilo limemaliza ubishi mwingi kati yangu na dereva wangu, na naye hulitumia kunikumbusha ninapochelewesha fedha za oili.

Dosari zipo, na baadhi si ndogo. Pembeni mwa banda kuna pipa la oili ya kupima, inayouzwa kwa wasio na fedha za chupa, na hakuna anayeweza kuisoma alama yoyote kwenye pipa lililokwisha futika maandishi. Ni ajabu kwamba fundi anayesoma chupa kwa makini namna ile huvumilia pipa hilo chini ya paa lake. Wanafunzi wake hawajafikia kiwango chake: Mzee akiwa hayupo, mmoja wao hukisoma kijiti mara tu injini inapozimwa, na kipimo hutoka pungufu. Asubuhi foleni ni ndefu kwa sababu ya kungoja injini zitulie, benchi la kukalia ni moja, na risiti hupatikana kwa kuombwa. Oili chafu, kwa bahati nzuri, haimwagwi mtaroni. Huhifadhiwa kwenye madumu, na wajenzi huja kuichukua kwa ajili ya kupaka nguzo dhidi ya mchwa.

Kupima ni bure, hata kwa asiyenunua kitu, na gharama ya kumwaga oili haipishani na ya majirani. Wakati mzuri wa kwenda ni alasiri, foleni inapopungua na Mzee akiwepo. Siku ya Ijumaa banda hufungwa mchana kwa ajili ya swala. Anayekuja na oili yake mwenyewe hulipia ufundi tu, mradi chupa iwe na lakiri yake na ifunguliwe pale pale.