Nimeingia ndani ya nyambizi U-505 kule Chicago: tiketi ya ziada inalipa

Ukiwa Chicago na una nusu siku, nenda Griffin Museum of Science and Industry, na tafadhali usiishie kuitazama U-505 kwa nje. Kuizunguka ni sehemu ya kiingilio cha kawaida. Kuingia ndani kuna tiketi yake na saa yake, na nafasi hujaa, kwa hiyo ikate mapema mtandaoni.

Ni nyambizi ya Wajerumani ya Vita vya Pili, urefu karibu mita 77. Ilifikishwa hapo mwaka 1954, ikakaa nje miaka hamsini ikipigwa na jua na theluji, kisha ikateremshwa kwenye ukumbi wa chini ya ardhi uliofunguliwa 2005. Unapita njia yenye picha na habari za vita vya Atlantiki, unakata kona, na omo lake linakutokea mbele ya uso, jeusi na refu kuliko ulivyodhani. Nenda moja kwa moja kwenye mnara ulio juu ya mgongo wa nyambizi. Matundu ya risasi bado yapo, mengine unaweza kupenyeza mkono kama ungeruhusiwa.

Matundu hayo ni ya tarehe 4 Juni 1944. Kikosi cha Wamarekani chini ya Kapteni Daniel Gallery, kikiongozwa na manowari ya kubeba ndege USS Guadalcanal, kiliikuta mbali kidogo na pwani ya Afrika Magharibi, kikaipiga kwa mabomu ya chini ya maji hadi ikalazimika kuibuka. Wajerumani walifungulia maji ili izame, wakajitosa baharini. Hapo ndipo Luteni Albert David na wenzake kutoka manowari USS Pillsbury walipoifikia kwa mashua, wakashuka ndani ya chombo kinachozama, bila kujua kama kuna mtu anawavizia humo au baruti imetegwa. Walikuta maji yanaingia kwa nguvu kwenye bomba lililoachwa wazi, wakaliziba. Simulizi hiyo nilikuwa naijua, lakini ukiiona ile ngazi nyembamba waliyoteremkia, ukapima giza lililokuwepo, ndiyo unaelewa walifanya nini. David alipewa nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani, ila alifariki 1945 kabla ya kuvishwa, ikapokewa na mjane wake.

Mashine za Enigma, ambazo Wajerumani waliandikia ujumbe wa mafumbo, na vitabu vya siri vilivyotekwa ndivyo vilivyofanya tukio zima lifichwe. Mateka 58 walizuiliwa kambini Louisiana bila mawasiliano, na kwao Ujerumani wakahesabiwa wamekufa. Laiti Berlin ingejua, ingebadilisha mafumbo yake yote.

Ndani, kila kitu ni chuma, bomba na gurudumu la kufungia maji. Mabaharia walilala kwa zamu kitanda kimoja, wengine juu ya topido zenyewe, yale makombora ya kupita chini ya maji. Nahodha ana kijisehemu chenye kuta za mbao na pazia badala ya mlango; faragha yote ni hiyo. Jiko ni la mtu mmoja kusimama, na alipikia watu zaidi ya hamsini. Kwenye chumba cha uongozaji mwelekezaji wetu alipunguza taa, ikaja milio ya mabomu. Ni humu, Oktoba 1943, nahodha Peter Zschech alijipiga risasi katikati ya shambulio, mbele ya watu wake. Kikundi chetu kizima kilinyamaza.

Niliwahurumia wale vijana, kweli kabisa. Lakini mimi ni mtu wa Mombasa, na mbele ya mirija ya topido akili yangu ilikwenda kwa Khedive Ismail. Meli hiyo iliondoka Kilindini Februari 1944 kwenda Colombo, imebeba wanajeshi, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300. Mabaki ya vita hivyo kwetu hayana ukumbi kama huu, na wajukuu wengi wa wale askari hawajui babu alizama wapi. U-505 ilikuwa bahari nyingine na taifa jingine, lakini silaha ni ileile. Hapo unaiona kwa macho, unaona ukubwa wake na tundu ilimotoka. Kama unao wanao, wasimulie habari hiyo palepale.

Milango ya kupita chumba hadi chumba ni ya duara na iko juu ya sakafu, unainama huku unavusha mguu. Mwenye magoti mabovu au anayeogopa pafinyu, ukumbi wa nje unamtosha. Vaa viatu bapa, na usibebe begi kubwa.