Uzoefu wangu: kitabu cha Richard Burton kuhusu Zanzibar (1872)

Nimekimaliza, juzuu zote mbili, na ninakipendekeza kwa yeyote anayeipenda historia ya pwani yetu. Sharti langu ni moja: Burton, msafiri huyu Mwingereza, mwamini anapoeleza vitu, mshuku anapoeleza watu.

Kila juzuu ina karibu kurasa 500, Kiingereza cha kizamani kilichochanganywa na Kilatini na Kiarabu. Hakimiliki yake ilishakwisha, kwa hiyo mtandaoni kinapatikana bure. Macho yangu hayavumilii kusoma kitabu kizima kwenye simu, nikaenda kuchapisha juzuu ya kwanza steshenari moja huku Posta. Tanbihi zake ni nyingi na herufi zake ni ndogo mno, kwa hiyo waambie wakutolee karatasi kubwa.

Burton alifika Unguja Desemba 1856 akiwa na mwenzake Speke, wakijiandaa kwenda bara kutafuta maziwa makuu. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Said, alikuwa amefariki baharini Oktoba ya mwaka huohuo, na mwanawe Majid ndiyo kwanza ameshika utawala. Mimi mkazi wa Dar es Salaam hapo ndipo kitabu kiliponishika. Burton anakwenda kumwamkia Majid, na wakati huo huku kwetu hakuna mji wowote, kuna Mzizima tu, kijiji cha wavuvi. Miaka michache baadaye sultani huyohuyo ndiye aliyeanza kuujenga mji huu. Kitabu kilipotoka, Majid alikuwa ameshafariki na ujenzi wake hapa umesimama.

Mbona kilichelewa hivyo? Mswada ulipotea safarini, ukaja kuonekana Bombay miaka kadhaa baadaye. Nami naona kuchelewa huko kumeongeza thamani yake. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, mikarafuu ikang'olewa kwa wingi mno, na Pemba, iliyonusurika kwa sehemu kubwa, ikawa ndiyo tegemeo la karafuu. Kwa hiyo mashamba anayoyaeleza Burton ni ya Unguja ambayo mwaka uleule wa kuchapishwa kitabu ilitoweka. Pepo za kusi na kaskazi, mvua, maradhi, miti, samaki, ufundi wa mjini, vyote ameviandika kwa subira ya mtu anayepima kila kitu. Sehemu hizo nimezisoma polepole, nyingine mara mbili, na sijui pengine pa kuupata mji wa 1857 kwa ukamilifu huo.

Halafu inakuja sura ya Waswahili na watumwa. Inaumiza. Anawapanga watu na kumgawia kila mmoja kasoro zake kama karani wa forodha anayeandika shehena, na soko la watumwa, lililokuja kufungwa 1873, analieleza bila uchungu ninaoutarajia kwa binadamu. Mwenyewe alikijua Kiarabu na Kihindustani vizuri, lakini katika kurasa zile zote ni nadra kumsikia Mswahili akijieleza.

Na jibu analo mkononi mwake. Katika safari hiyohiyo ya pwani walimpata Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akapelekwa utumwani India, akarudi na Kihindustani chake. Huyo alifika nao Ziwa Tanganyika, baadaye akawa na Speke mpaka Uganda, akawatumikia wasafiri wengine wa Kizungu: Stanley, kisha Cameron aliyevuka naye Afrika. Mtu mmoja huyo anatosha kuivunja sura nzima, na ninasikitika kwamba Burton, aliyeishi naye porini, hakurudi kuifuta.

Wanawake karibu hawamo. Kwa hilo msome Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni 1844. Burton alipotua yeye alikuwa msichana mjini humohumo, na kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani 1886 zinafungua milango ambayo mgeni yule asingeruhusiwa kupita. Nimewasoma kwa kupokezana, na Salme amenisaidia kumpima Burton kuliko mhariri yeyote.

Kama muda wako ni mfupi, chukua juzuu ya kwanza peke yake: anza na sura za hali ya hewa na mimea, kisha ya kumtembelea Majid na ile ya maisha ya Seyyid Said. Juzuu ya pili ni ya Mombasa, Pangani, Usambara na Kilwa; wenye asili ya huko wataifurahia zaidi. Nyota nne kwa vitu, moja kwa watu.