African Human Rights Law Journal: uzoefu wangu kama wakili wa Arusha

Wakili anayeshika kesi za haki za binadamu huku kwetu asilikose jarida hili la Chuo Kikuu cha Pretoria. Linatoka mara mbili kwa mwaka tangu 2001, na matoleo yake yako mtandaoni bure. Unafungua, unapakua, basi. Nalitanguliza hilo kwa sababu jarida jingine nililowahi kulihitaji lilitaka dola kwa makala moja tu, na wakili anayeanza hana fedha hizo.

Mimi hulitumia hasa kwa mambo ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa hapa Arusha. Hukumu zenyewe zinapatikana, lakini ukiisoma moja peke yake huoni inakaa wapi kati ya nyenzake. Chukua ya Alex Thomas dhidi ya Tanzania, ya 2015. Mtu amehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, hakuwa na wakili. Mahakama ikasema alistahili msaada wa kisheria bila malipo hata kama hakuuomba. Wateja wengi husikia hapo tu. Hawasikii kwamba Mahakama hiyo hiyo ilikataa kuamuru aachiwe, ikisema amri ya namna hiyo hutolewa katika mazingira ya kipekee. Kusoma uchambuzi wa wasomi kumenizoesha kuangalia kwanza nafuu, yaani amri anazotaka mteja zitolewe, ndipo niguse hoja.

Tangu Novemba 2020, kujitoa kwa Tanzania katika tamko la Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyounda Mahakama hiyo kulipoanza kutumika, mtu binafsi hawezi tena kufungua shauri jipya dhidi yake pale moja kwa moja. Wapo wenzangu walioona elimu hii imekufa. Mimi sikubali hata kidogo. Hoja zile zile za kusikilizwa kwa haki nazipeleka Mahakama Kuu, na tanbihi za jarida hunifikisha hadi kwenye aya ninayoitafuta.

Ninachokitamani sana ni muhtasari wa Kiswahili. Makala ninazosoma ni za Kiingereza, tena kizito, wakati wasaidizi wa kisheria vijijini ndio wanaofikiwa kwanza na ndugu wa mfungwa. Kiswahili ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika. Wanastahili kusomewa sheria hii kwa lugha yao.

Kwa anayeanza: ruka makala ndefu za nadharia, nenda kwenye sehemu ya matukio ya karibuni.