TAHADHARI: Anayeuza chenso "381 original" kwa bei ya kutupa na kutuma kwa basi, klachi zake zitaumiza mtu

Wakuu, salaam. Nawaandikia hasa ndugu zangu wakata miti na wapasua mbao wa Mafinga, Njombe na Makete, maana mizigo ya huyu bwana inashuka sana huko. Kazi yangu ni kutengeneza chenso, yaani misumeno ya injini. Mashine zake zinaletwa kwangu bado zina harufu ya rangi mpya, na karibu zote zina tatizo moja: klachi, kile kifaa kinachounganisha injini na cheni resi ikipanda.

Anaweka picha kwenye status, boksi lina nembo ya Stihl, bei laki nne na nusu. 381 halisi ya Stihl ni mashine ya cc 72 na bei yake ni ya mamilioni. Ukimuuliza mbona rahisi, anasema ni mzigo wa mnada wa bandarini. Duka hana, picha za duka anazoonyesha ni za watu. Unalipa kwanza kwa simu, kisha mzigo unapanda basi. Sina ugomvi na kopi inayouzwa kama kopi. Mwenye shamba dogo anaweza kuinunua akijua anachokinunua. Huyu anauza kopi kwa jina la mwenzake.

Na kuna kubwa zaidi ya hela. Mteja akimpigia kwamba cheni inazunguka yenyewe mashine ikiwa sailensa (injini inanguruma polepole bila kupigwa resi), anamjibu: "Hiyo ni mpya, klachi haijakaa, kata magogo mawili matatu itatulia." Huo ni uongo wa kuua. Chenso nzima, mpya au ya zamani, ikiwa sailensa cheni inasimama kabisa. Kijana mmoja alifuata maneno hayo, akawa anahama kutoka mti mmoja kwenda mwingine mashine ikinguruma mkononi. Cheni ilichana suruali yake kuanzia juu ya goti. Mungu alimsaidia, ilikula kitambaa tu.

Nilipoifungua ile mashine, springi moja kati ya tatu ilikuwa imekatika pale kwenye ndoano yake, na nyingine imelegea hadi inacheza. Springi ndizo zinazovuta viatu vya klachi virudi ndani resi ikishuka. Zikifa, viatu vinabaki vimegusa drami (kikombe cha chuma kinachofunika klachi), na drami inabeba cheni. Drami yenyewe ilikuwa imegeuka bluu kwa joto, beringi ya ndani imekauka, hakuna hata dalili ya grisi. Beringi ikikauka hivyo inaweza kung'ang'ania na kuzungusha cheni hata kama springi ni nzima, kwa hiyo usibadilishe springi peke yake ukadhani umemaliza.

Kama tayari unayo, fanya hivi. Washa mashine ukiwa umeiweka chini kwenye udongo mgumu, baa (ule ulimi wa chuma ambao cheni inazunguka juu yake) haigusi kitu, halafu toa breki ya cheni. Cheni ikitembea, punguza sailensa kwa skrubu yake, kinyume cha saa, mpaka isimame, kisha ongeza robo mzunguko upande huo huo. Ikikubali na injini haizimi, tatizo lilikuwa marekebisho. Lakini injini ikizima kabla cheni haijasimama, usihangaike tena na kabureta. Zima, chomoa waya wa plagi, fungua kava, toa baa na cheni, uzungushe drami kwa mkono. Inatakiwa iteleze laini. Ikikwaruza au ikishika, anza na beringi, kisha angalia springi na viatu.

Ukifika kwenye klachi yenyewe, kumbuka nyuzi zake ni za kushoto: inafunguka kwa kuzungushia upande wa saa. Nimeona watu wakiikaza kwa nguvu zote wakidhani wanafungua, mpaka wanaharibu krenki, shafti ya injini yenyewe. Na usiwashe injini drami ikiwa nje, viatu havina cha kuvizuia.

Wengine wana tatizo la kinyume: injini inapiga resi, cheni haitoki, moshi unatoka pembeni. Kwanza hakikisha breki haijashikwa. Ukipiga resi breki ikiwa imeshika, unachoma klachi kwa muda mfupi sana, hata kama ni ya mashine halisi. Breki ikiwa huru na bado inateleza, viatu vimekwisha.

Huyu bwana ukimlalamikia sana anakuuzia "klachi OG" kwa elfu hamsini. Nimeilinganisha na ile iliyovunjika, ni chuma kile kile na springi zile zile. Msimtumie hela ya pili.

Kabla ya kununua kwa yeyote, shika mashine mkononi, tafuta namba yake iliyogongwa kwenye chuma cha injini (siyo kwenye stika), na iwashwe mbele yako. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka.

Mliokwisha kulizwa, msifute meseji. Tunzeni ujumbe wa muamala, stakabadhi ya basi na boksi lenye nembo, mfungue taarifa polisi, na mpeleke malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Bidhaa bandia ni kazi yao chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa. Aliye Mafinga na mashine yake inazungusha cheni, asiende nayo msituni kesho. Ailete kwanza niifungue, kuiangalia sitozi hela.