Zimamoto wa Mkataba Ughaibuni au Mwokoaji wa Kilimanjaro?

Vijana wa Moshi wenye mafunzo ya uokoaji huniuliza: nchi za Ghuba, Uarabuni, au nyumbani? Kule, kwenye viwanja vya ndege, gari la zimamoto linatakiwa kufika mwisho wa njia ya kurukia ndani ya dakika 3, kwa hiyo mazoezi hayaishi. Nyumba na tiketi mara nyingi hulipwa na mwajiri. Ila kibali chako cha kazi kimefungwa kwake. Mkikosana, umekosa vyote. Soma kifungu cha bima ya kuumia kabla hujasaini, tafadhali! Mimi ningekwenda mkataba mmoja tu.

Mlimani kipato hufuata msimu wa watalii. Lakini kumshusha mtu anayeugua kwa hewa haba ya juu kutoka kambi ya Kibo, takriban mita 4,700, kwa machela ya gurudumu moja, kunamhitaji anayeijua njia gizani.