Vioo vya rangi vya tochi: nilivyovitumia msimu mzima wa korosho Newala

Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la chama cha msingi huku Newala. Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba, magunia hupangwa mpaka karibu na dari, nami nazunguka nje na ndani hadi alfajiri. Tochi ndiyo jembe langu. Mpwa wangu alikwenda Mtwara mjini akaniletea seti ya vioo vinne vya kuvisha kwenye uso wa tochi: chekundu, cha njano, cha kijani na cha bluu. Ni plastiki yenye ukingo wa mpira, ila sisi tunaviita vioo. Alilipa shilingi 15,000.

"Mjomba, muuzaji kasema hiki cha njano kinapasua ukungu, na chekundu utaona gizani kama paka."

Nianze na ukungu, maana ndio uliomtoa hela mfukoni. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na kuna usiku ukungu unatufunika mpaka mlango wa ghala huuoni ukiwa hatua kumi. Nikavisha cha njano nikatoka. Kweli macho yalipumzika kidogo, ule weupe unaochoma ulipungua. Lakini kuona mbali zaidi, hapana. Nilivisha, nikavua, nikavisha tena, na mwembe wa getini haukutokea mara zote tatu. Jirani yangu anayefundisha fizikia sekondari aliniambia matone ya ukungu ni makubwa sana ukiyalinganisha na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo yanatawanya rangi zote karibu sawasawa. Njano haina kichochoro chake cha kupenya. Kilichonisaidia hakikuuzwa dukani: kushusha tochi mpaka usawa wa goti. Ukiishika karibu na jicho, mwanga unaorudishwa na ukungu unakujia usoni. Ukiishusha, weupe wote unabaki chini na wewe unatazama kwa juu yake.

Kioo chekundu ndicho nilichokitumia zaidi, na ndicho kilichonigombanisha na watu.

Usiku wa kwanza nilidhani betri zimekwisha. Tochi yangu ya LED, ambayo kwa kawaida inamulika mpaka ukuta wa pili, ilitoa wekundu hafifu uliofika miguuni tu. Nikachukua tochi ya zamani ya baba, ile ya glopu na betri kubwa, nikavisha kioo kilekile. Wekundu ukawa mzuri, umekolea, kama kaa la moto. Ajabu, maana bila kioo ile ya LED inaishinda kwa mbali. Mwalimu akanieleza kwamba kioo hakiongezi rangi yoyote, kinazuia nyingine na kuachia yake. LED nyeupe ndani yake ni taa ya bluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano, na wekundu humo ni kidogo. Glopu, kwa kuwa ni waya uliochomeka, imejaa wekundu. Kwa hiyo ukinunua kioo chekundu ukakivisha kwenye LED, mwanga wako mwingi unaishia kwenye plastiki, na betri inaliwa vilevile.

Hata hivyo kwenye kazi yangu ule uhafifu ni faida. Jicho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza sawasawa, na ukimulika mwanga mweupe mara moja unaanza upya. Zile chembe za jicho zinazoona gizani karibu haziusikii wekundu. Naweza kutazama saa, kumimina chai, kuangalia kufuli, kisha nikainua macho na bado naona kivuli cha mtu kule uzioni. Muuzaji hapo hakudanganya sana, ingawa paka hahusiki.

Sasa ugomvi. Lori lilikuja saa kumi alfajiri kuchukua mzigo. Nikafungua daftari kwa tochi yenye kioo chekundu, nikasoma magunia 212. Yalipotimia nikawaambia wapakiaji basi. Dereva akanionyesha karatasi yake: 221. "Mzee, magunia yangu tisa yako wapi?" Nikamwambia daftari halisemi hivyo. Tukabishana, wapakiaji wamekaa juu ya mzigo wanatusikiliza, mpaka mmoja akawasha tochi ya simu. Kumbe katibu alikuwa ameikata 212 kwa kalamu nyekundu na kuandika 221 pembeni, kwa wino uleule. Chini ya mwanga mwekundu, karatasi nyeupe na wino mwekundu vinang'aa sawa, kwa hiyo mstari na tarakimu vyote vilikuwa vimepotea. Niliomba radhi. Tangu hapo maandishi nayasoma kwa mwanga mweupe, na kalamu nyekundu ya katibu siipendi mpaka leo.

Cha njano nilikuwa nimeshakitupa kwenye droo baada ya ukungu kukishinda. Kikaja kujitetea mvua za kwanza ziliponyesha. Kumbikumbi walitoka ardhini kwa maelfu, na ukiwasha tochi nyeupe wanakujia puani, kwenye kikombe, ndani ya kola. Wadudu wengi wa usiku huvutwa zaidi na bluu na mwanga wa urujuani usioonekana kwetu, na njano inaikata bluu. Hawakuisha, wapo waliokuja, lakini nilikunywa chai yangu bila kutema mabawa. Mke wangu peke yake ndiye aliyenung'unika, maana msimu uliopita nilimpelekea kumbikumbi bakuli zima wa kukaanga.

Onyo moja kwa wenzangu wa maghala: msikague korosho kwa kioo chochote cha rangi. Chini ya njano zote zinaonekana safi, hata zile zilizoanza kuota ukungu.

Cha kijani kinatoa mwanga mwingi kuliko chekundu kwenye LED, ila kinaharibu uzoefu wa giza, hivyo sikuona kazi yake.

Ukingo wa mpira wa kile chekundu ulipasuka mwezi wa pili, nikaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Na pimeni mdomo wa tochi kabla ya kulipa, kwani kwenye ile ya glopu vioo vinacheza na inabidi nivishikilie kwa kidole. Kwa bei ile natoa nyota tatu, mbili za chekundu na moja ya njano. Cha bluu nimempa mtoto wa jirani, anakitazamia kuku.