Kubaki na implanti za matiti ulizonazo (vifuko vya kukuza matiti) au kuongeza saizi?

Wengi wanaanza kutamani kubwa zaidi uvimbe wa opereshini ukishaisha, maana matiti yanaonekana kama yamepungua, nakuomba dada subiri angalau miezi 6 kwanza.

Gharama, kubaki kunashinda wazi, kuongeza ni upasuaji upya kabisa, nusu kaputi, kidonda, siku za kukaa bila kunyanyua vitu.

Mwonekano, kuongeza kunashinda ila sisii 30 tu (sisii ni cc, yaani mililita, kipimo cha ujazo wa implanti) mara nyingi hata hazionekani, na ukienda juu sana sisii 100 za silikoni ni kama gramu 100 kila upande, unazibeba usiku na mchana, ngozi inavutika matiti yanashuka mapema. Jaza mchele kwenye soksi mbili, weka ndani ya sidiria ushinde nao kutwa nzima, utausikia mgongo.

Uangalizi ni uleule, hakuna implanti ya maisha.

Kama zako zimepasuka au kovu linalozunguka implanti limekaza na lazima ubadilishe, hapo kuongeza kunaeleweka kabisa, ila kama ziko poa na unapanga mimba, baki nazo kwanza maana matiti yatabadilika tena.